Kitufe cha Hayupo

Jumatatu, 3 Novemba

Daftari hili nimepewa leo kwenye semina. Lina jalada gumu la bluu, limeandikwa "Mji Mwerevu" kwa herufi za kung'aa, na kalamu yake imechomekwa ubavuni. Tulipokwisha kugawiwa tukaambiwa kwamba kuanzia sasa hakuna tena kuandika kwenye karatasi. Sasa daftari la nini? Nimeamua litakuwa langu mwenyewe, niandike humo ninayoyaona msimu huu.

Semina ilianza saa tatu, ikaisha saa saba, soda moja na sambusa mbili kwa kila karani. Ofisa TEHAMA ni kijana anaitwa Valerian. Anaongea mpaka raha. Ametuambia mji wetu unaachana na foleni: maji, zahanati, leseni, vibali, vyote vitasomana. Mtu atafika dirishani, atataja namba ya kitambulisho, na mfumo utamjua ni nani na anaishi wapi. Mimi ni karani wa mtaa huu mwaka wa kumi na saba, na daftari langu la wakazi limeliwa na panya kuanzia herufi M mpaka P. Nimepiga makofi mpaka viganja vikauma. Nimekabidhiwa kishikwambi cha kuhakikia wakazi nyumba kwa nyumba, na nimekisainia.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, na nusu ya mtaa imekwenda kulima. Napiga hodi, natolewa kigoda, nauliza, "Baba Asteria yupo?" Najibiwa, "Hayupo, yuko Didia kwenye mpunga." Mzee Stanslaus hayupo, naye yuko Didia. Mume wa Agnetha hayupo, amepeleka lori la mzigo kutoka Isaka.

Kwenye kishikwambi kila jina lina vitufe vitatu: YUPO, HAYUPO, AMEHAMA. Hawa hawajahama. Vitanda vyao vipo, kuku wao wananidonoa miguu. Nabonyeza HAYUPO. Kinaniuliza, "Una uhakika?" Kwa nini nisiwe na uhakika wakati mke wa mtu ameniambia mwenyewe? Nabonyeza NDIYO, naaga, naingia nyumba ya pili.

Ijumaa, 14 Novemba

Nyumba yetu niliiacha makusudi mpaka leo, kwa kuwa haina haraka. Mama alikuwa kibarazani anachambua choroko za mbegu. Nikasimama kama mgeni, kishikwambi kifuani.

"Hodi hapa. Mimi ni karani wa mtaa."

"Kalibu, kalani," Mama akasema, naye akajiweka sawa kama mtu anayepigwa picha. Kiswahili cha Mama hakina herufi ya r, na hajawahi kuihitaji; na hapana kwake ni yaya.

"Donatus Masalu yupo?"

"Yaya! Si unajua hayupo? Yuko Khalumwa kwenye madini yake."

Donatus ni mdogo wangu, wa mwisho kwa Mama. Anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Kharumwa na anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mabuti yake ya zamani yapo mlangoni hata sasa, yamepangwa pamoja, visigino ukutani. Ndivyo alivyo tangu aliponunuliwa viatu vya kwanza. Hawezi kukaa chini kupumzika kabla hajavua viatu na kuvipanga. Mama humtania kwamba anavipanga kama vya askofu.

Nikabonyeza HAYUPO. Una uhakika? NDIYO. Mama akaniuliza kama nimemaliza kazi nimsaidie choroko.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua kutwa. Sikutoka.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemaliza mtaa wote, watu mia nne na kumi na wawili. Nimekuwa karani wa kwanza kumaliza katika kata, na Valerian amenitaja kwenye kundi la simu akaweka alama za makofi. Nimemwonesha Mama. Amesema yale makofi ni ya mikono ya njano, wenyewe wako wapi?

Jumanne, 9 Desemba



Mzee Stanslaus, yule mstaafu wa reli, alikuja ofisini asubuhi na kofia yake na fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuulizia msiba wangu."

Nikacheka, maana mzee huyu ana maneno. Hakucheka. Alikuwa amekwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, akataja namba ya kitambulisho, na binti wa dirishani akamtazama, akatazama mashine, akamwambia kwa adabu kwamba hawezi kumpa dawa marehemu. Mzee amekufa tarehe sita Novemba, mashine inasema. Tarehe hiyo alikuwa Didia, kwenye maji mpaka magotini, anapanda mpunga.

Nikafungua jina lake. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ambayo sikuwahi kuyaona kwa kuwa sikuwahi kurudi kwenye jina nililokwisha kulijaza, pameandikwa: "Hali: Marehemu. Imethibitishwa na: Generosa Masalu, Karani."

Nikafungua la Baba Asteria. Marehemu. La mume wa Agnetha, marehemu. Nikaandika jina la Donatus huku nimefumba jicho moja. Marehemu, tarehe kumi na nne Novemba, na jina langu chini yake.

Jumatano, 10 Desemba

Nimempigia Valerian mara tano ndipo akapokea.

"Dada Generosa, hayupo maana yake hayupo duniani. Aliyesafiri anahesabiwa yupo. Iko kwenye mwongozo, ukurasa wa sabini na moja."

Mwongozo wenyewe tuliutumiwa kwenye simu, kurasa themanini na nne. Nikamuuliza ni nani katika mji huu husema hayupo akimaanisha amekufa.

"Waliotengeneza mfumo waliona neno kufa ni kali. Walitafuta neno la staha."

Neno la staha! Nikamwambia basi anionyeshe pa kufuta. Hapana. Karani anaweza kumwondoa mtu, ila kumrudisha hawezi. Mtu mwenyewe aje, aweke alama za vidole, ajaze ombi la kuhuisha taarifa, asubiri siku kumi na nne za kazi.

Nimewahesabu. Nimewaua watu sitini na watatu kwa kidole kimoja.

Ijumaa, 12 Desemba

Donatus amerudi, na amekuja na rafiki yake Marwa, Mkurya wanayechimba naye duara moja. Simpendi. Anaongea kama yuko ng'ambo ya mto, na ugali wa watu watatu anaumaliza peke yake. Alipoambiwa habari ya mfumo alicheka mpaka akalala kwenye mkeka.

"Donatus, kaka, kumbe natembea na mzimu!"

Donatus naye akacheka. Akaniambia, "Dada, usijali. Marehemu ana njaa, mpakulie." Nilitaka kulia nikajikuta nacheka nao, na hasira zote nikamwekea Marwa.

Tumekwenda kuweka alama za vidole. Simu ya Donatus haikai na chaji huko machimboni, kwa hiyo tumeandika namba yangu. Ujumbe umeingia hapo hapo: "Ombi lako la kuhuisha taarifa linashughulikiwa."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Pilau, mvua, Mama kafurahi. Donatus kala sahani tatu.

Jumatano, 7 Januari

Wamerudishwa arobaini na mmoja. Mzee Stanslaus ni hai tangu jana, na amepita mtaa mzima akisalimia watu upya. Donatus bado. Siku kumi na nne za kazi zilikwisha wiki iliyopita. Ujumbe ni ule ule.

Jumatatu, 19 Januari

Donatus amepiga simu, na safari hii hana utani. Huko machimboni nao wamepata mfumo wao, unaosomana na wetu. Wameweka geti. Kila mchimbaji ana kadi, anaiskani akiingia, anaiskani akitoka, ili duara likiporomoka ijulikane nani yumo. Nikasema hilo ni jambo jema. Akasema ndiyo, ni jema, ila yeye amenyimwa kadi. Mashine inasema mwenye namba hii alifariki.

"Sasa unafanyaje?"

"Tutaona, dada."

Mtu anayesema tutaona ameshaamua. Namjua mdogo wangu.

Jumatatu, 2 Februari

Linashughulikiwa.

Alhamisi, 5 Februari

Linashughulikiwa.

Jumatano, 11 Februari

Marwa amepita peke yake, ameleta mzigo wa samaki wakavu ambao Donatus amemtumia Mama. Nikamkalisha, nikamuuliza waziwazi. Akajikuna shingo.

"Tunatumia kadi yangu, dada. Yeye anaingia zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Akitoka ananipa getini."

"Kwa hiyo akiwa chini, mashine inajua wewe ndiye uko chini?"

"Ndiyo hivyo."

Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Nikamwita mjinga, nikamwambia anamwingiza mwenzake shimoni bila jina. Yeye wa kelele zote zile akasema kwa sauti ndogo, "Dada, angekula nini? Na jina lake si mimi niliyelifuta."

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Valerian. Alikuwa mpole. Amenieleza kwamba maombi yanapitia makao makuu, yanafuata foleni, na yeye hana kitufe cha kuruka foleni. Nikamkumbusha kwamba alituahidi mji usio na foleni. Akaona haya, nikamwona anaona haya. Ameandika barua pepe nikiwa nimesimama mgongoni kwake.

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya tatu mvua haijakatika. Ukuta wa choo chetu umelala.

Alhamisi, 26 Februari

Naandika ya siku mbili. Nikiacha sitaandika tena.

Juzi Jumanne, saa sita mchana, simu ikalia. Marwa. Sauti ilikuwa imemkauka, nikadhani ni mtu mwingine.

"Dada njoo. Duara limekaa, limefunika watu. Donatus yumo, na hawa wameacha kuchimba."

Sikuelewa hilo la mwisho. Nilichukua kishikwambi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa kilikuwa mkononi. Basi, kisha bodaboda kwenye tope, tumeanguka mara mbili. Nimefika saa kumi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Saa mbili asubuhi udongo ulioloa ulivunja matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, na duara likaporomoka. Watu wa geti wakatazama mashine: waliomo ni watano. Wakachimba. Kufikia saa tano walikuwa wametoa wanne, wameumia lakini wazima. Wa tano kwenye orodha aliitwa Marwa. Na Marwa alikuwa amesimama pale pale juu, anachimba kwa mikono, anapiga kelele. Basi wakaona hesabu imetimia. Wa tano huyu hapa, alitoka bila kuskani.

Marwa aliwaambia. Aliwaambia tangu dakika ya kwanza, kwamba kadi ni yake na aliyemo ni Donatus Masalu. Hakujali kadi wala polisi. Msimamizi wa geti akaandika jina la Donatus kwenye mashine, akamwambia mtu huyo alifariki Novemba. Marwa akarudia, wakadhani amelewa. Akarudia tena, wakadhani anatafuta namna ya kufukuliwa duara apate kuufikia mwamba wenye dhahabu. Mwishowe walimfukuza, udongo ulikuwa bado unateremka na hawakutaka kuhatarisha watu kwa ajili ya marehemu wa zamani.

Nilimkuta amekaa kwenye tope karibu na geti, matope mpaka kifuani, kucha za mikono yote miwili zimeng'oka. Mtu huyu nilimwita mjinga.

Msimamizi alinipokea kwa heshima. Akanigeuzia mashine nione mwenyewe.

"Pole dada. Lakini tazama. Ndugu yako alifariki tarehe kumi na nne Novemba."

"Nani kasema?"

"Mfumo."

"Shuka chini. Soma chini pale."

Akateremsha kidole. "Imethibitishwa na Generosa Masalu, Karani."

Nikavua kitambulisho changu cha kazi shingoni nikakiweka juu ya kioo cha mashine yake. Sikupiga kelele. Sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma risala.

"Generosa Masalu ni mimi. Mimi ndiye niliyemuua humo. Siku ile Mama alisema hayupo, kwa sababu alikuwa huku kwenu anachimba. Krismasi amekula pilau nyumbani kwangu. Yumo humo ndani. Mnaniamini nilipokosea, niaminini na sasa."

Alisoma kitambulisho, akasoma mashine, akasoma kitambulisho tena. Halafu alitoka mbio kwenye mvua huku anapiga filimbi.

Walianza tena saa kumi na moja. Marwa alikuwa wa kwanza kufungwa kamba, na vile vidole vyake. Giza liliwasimamisha, wakarudi alfajiri. Jana saa nne asubuhi walimfikia Donatus.

Hakuwa na jeraha kubwa. Alikuwa ameketi kwenye kona ambayo matimba mawili yalishikana na kuacha nafasi, kama ya chini ya kitanda. Marwa alipotoka hakuweza kunitazama. Nilimlazimisha aseme.

"Alikuwa amevua mabuti, dada. Yalikuwa pembeni yake."

"Yamekaaje?"

"Pamoja. Visigino ukutani."

Mtu aliyefunikwa na udongo ghafla havui mabuti akayapanga. Alikaa pale. Alipumzika. Alisubiri tuje. Muuguzi alitaka kuniambia saa aliyokata roho, nikaziba masikio.

Jumamosi, 28 Februari

Tumemzika Didia, karibu na kaburi la baba yetu. Jana nilikwenda dirishani kusajili kifo. Binti akaandika namba, akatabasamu kunipa moyo. "Huyu alishasajiliwa, mama. Hapa huna kazi ya kufanya." Tangu mfumo huu uanze, hiyo ndiyo huduma ya kwanza niliyoipata bila kusubiri.

Valerian alikuja mazikoni. Alisimama nyuma, viatu vyake vyeupe kwenye tope. Aliponifikia akasema "shikamoo", hajawahi kuniamkia hivyo. Akaniambia kitufe kimebadilishwa, sasa kinasomeka AMEFARIKI, na kimeongezwa cha AMESAFIRI. Nilitaka kumchapa kibao. Nikaona macho yake mekundu, nikamwitikia marahaba.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Mama hali chakula.

Ijumaa, 6 Machi

Saa tatu asubuhi, nakoroga uji, simu imelia mlio wa ujumbe. Nimeusoma mara nyingi hata naujua kwa moyo.

"Ndugu DONATUS MASALU, tunafurahi kukujulisha kuwa taarifa zako zimehuishwa. Hali: YUPO. Karibu Mji Mwerevu."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nilipiga ukelele, Mama akatoka chumbani akishika ukuta, anauliza nani tena. Sikuweza kumficha. Nikamsomea.

"Wamesema yupo?"

"Wamesema, Mama. Ila Jumatatu nitakwenda kuwaambia..."

"Yaya. Ulipowaambia hayupo, wakakubali siku ile ile. Kumludisha wamechukua miezi mitatu." Akakaa kwenye kigoda, akavuta bakuli la uji karibu. "Muache hapo hapo. Usimguse."

Akanywa. Ni mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatatu sitakwenda. Leo ni Ijumaa tu, najua. Najijua.

Jumamosi, 14 Machi

Marwa amekuja na bandeji zake, amejenga upya ukuta wa choo. Mama anamwita "Malwa mwanangu". Nimempakulia ugali wa watu watatu, nikambembeleza aongeze.

Jumanne, 31 Machi

Leo ni mwisho wa uhakiki wa pili, wa vitufe vipya. Mvua zimekatika, choroko zimekauka, mtaa mzima umerudi na watu wananizomea kwa utani, "Generosa, leo usituue!" Nyumba yetu safari hii nimeiacha ya mwisho kabisa.

Mama alikuwa kibarazani anapukuchua. Nikasimama kama mgeni.

"Hodi hapa. Mimi ni karani wa mtaa."

"Kalibu, kalani."

Nikataja jina lake, nikataja langu. Halafu nikafungua la Donatus, nikalitazama. Jina lilikuwa pale, na vitufe vinne chini yake, vimeandikwa wazi, hakuna tena wa kuvielewa vibaya. Nimekula kiapo cha kazi hii. Najua kinachotakiwa kubonyezwa.

"Mbona huniulizi?" Mama akasema.

"Donatus Masalu?"

Mama aligeuka akatazama mlangoni. Jozi za mabuti zilikuwa mbili sasa, ya zamani na ile aliyoitoa Marwa duarani, zimeoshwa, zimepangwa pamoja, visigino ukutani.

"Yupo," akasema.

Nikabonyeza. Kishikwambi kikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza NDIYO.